Somo la Kusini

Vijana wangu, mkinikuta dukani mkaniuliza nilikuwa nafundisha somo gani, nami nikakujibuni "Kusini," huwa mnatazamana, kisha mmoja wenu huuliza, "Kusini kwa wapi, babu?" Mnadhani nataja upande wa dira. Kusini lilikuwa somo, tena somo zima. Lilikuwa na chumba chake, ubao wake, wanafunzi wa ualimu waliolilalamikia, na mwalimu aliyelipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyempata utuuzimani. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwalimu huyo. Kwa kuwa wengi wenu sasa mnaingia kwenye kazi hizi za utafiti na mnakuja kwangu na maswali, nimeona bora nikuhadithieni tulivyoanza.

Ukitoka mjini Unguja ukaelekea kusini na mashariki, mikarafuu inakuacha njiani. Udongo mwekundu unakwisha, unaingia kwenye nchi ya mawe: mawe chini, mawe kwenye kuta za mashamba, vichaka juu ya mawe, na watu wanaopanda mtama na mbaazi katika vitundu vya udongo ambavyo mtu wa mjini asingepanda hata ua. Huko ndiko Makunduchi, Jambiani, Kizimkazi, Mtende. Vitabu tulivyosomeshwa sisi vilieleza majumba ya mjini na karafuu za upande wa pili. Kusini ilipewa nusu ukurasa, na nusu ya hiyo ilikuwa mchoro.

Baada ya Mapinduzi, chuo chetu cha ualimu kilianza kupokea watoto wa shamba kwa wingi. Hapo ndipo Maalim Vuai, mtu wa Makunduchi, alipokwenda kwa wakubwa akawaomba chumba kimoja. Alikuwa mfupi, kanzu yake nyeupe wakati wote, na hatembei bila mwavuli hata jua likiwaka. Walimpa chumba cha juu katika nyumba moja ya Mji Mkongwe ambayo chini yake palikuwa ghala la karafuu. Fikirini kichekesho hicho: tunafundisha nchi isiyo na karafuu, na nguo zetu zinanuka karafuu mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Leo Kusini mmevuna vizuri."

Mimi ni mtoto wa Jang'ombe. Baba yangu alitoka bara, Tabora, akafanya kazi ya uchukuzi bandarini. Nilikuwa nafundisha jiografia, na Kusini nilikuwa naijua kwa kuichora tu. Siku moja Maalim Vuai alikaa nyuma ya darasa langu, akangoja wanafunzi watoke, akaniuliza:

"Mwalimu, unachora vizuri. Ushawahi kufika?"

"Wapi, Maalim?"

"Huko ulikokuchora."

"Sijapata nafasi."

"Jumamosi utapata," akasema, akachukua mwavuli wake akaenda zake.

Jumamosi hiyo nilifika Makunduchi kwa mara ya kwanza, nikiwa nimevaa viatu vya ngozi ambavyo mawe yaliviharibu kabla ya adhuhuri. Mzee mmoja alinitazama miguu akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Jang'ombe. "Na kabla ya Jang'ombe?" Nikamwambia Tabora. Akaniita ndani, akaniletea maji na muhogo, akataka nimweleze Tabora: wanalima nini, wanaoana vipi, kisima kiko mbali kiasi gani. Nilikuwa nimekwenda kumhoji, nikahojiwa mimi mpaka alasiri. Tulipokuwa tunarudi Maalim Vuai alicheka sana.

"Umeona alivyofanya? Kakukalisha, kakulisha, kakuuliza kwenu kabla ya kukuuliza kazi yako. Na sisi tutafanya kazi kama hivyo."

Na ndivyo tulivyofanya. Nakwambieni na nyinyi: siku ya kwanza usitoe karatasi. Karatasi inamfanya mtu akwambie maneno ya ofisini. Kaa, msalimie kila aliyemo ndani, hata mtoto wa mgongoni, na ukiletewa chakula kula. Muulize mtu kazi yake akiwa anaifanya, kwa sababu mikono inakumbuka mambo ambayo ulimi umeyasahau. Neno ukilisikia kwa mwanamume, kaliulize tena kwa mwanamke, kisha kwa mtoto. Na usimsahihishe mtu anavyosema. Watu wa Makunduchi wana Kiswahili chao, wao wenyewe wanakiita Kikae, na mtu wa mjini akikisikia mara ya kwanza huona kama anasikia lugha yake kupitia ukuta. Ukianza kumwambia mtu "sema hivi," hatakwambia tena kitu.

Tulikuwa na mashine ya kurikodia sauti, nzito kama mfuko wa saruji, na kazi ya kuibeba ilikuwa yangu. Safari ya kwanza tulimrikodi bibi mmoja wa Kizimkazi asubuhi nzima. Tuliporudi chumbani kwetu tukaifungua kwa furaha, tukamsikia jogoo. Nilikuwa nimekiweka kile kipaza sauti dirishani, na nje ya dirisha palikuwa na banda la kuku. Mbali kabisa, nyuma ya jogoo, kulikuwa na mtu anasimulia. Nilitaka kulia. Maalim Vuai alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Basi tuna jogoo wa Kikae. Chuo gani kingine kinaye?"

Mkiniuliza kwa nini tulisema Kusini ni somo peke yake, wala si kipande cha jiografia au cha historia, nitakupeni habari ya pwani. Mwanafunzi mmoja alitumwa na mwalimu mwingine akaulize watu wa Jambiani kazi zao. Akawauliza wanawake, "Nyinyi mnakwenda baharini?" Wote wakamjibu, "Sie hatwendi baharini." Akaandika: wanawake wa Kusini hawafanyi kazi ya bahari. Wiki ya pili tukaenda naye. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake hao hao walikuwa wameinama ndani ya maji mpaka kiunoni, wanatafuta pweza na chaza, mashuka yamelowa. Yule kijana akashika kichwa. "Si mlisema hamwendi baharini?" Mmoja akamjibu kwa kumstaajabia, "Hapa ni pwani, mwanangu. Bahari ile kule." Akamwonyesha povu la mwambani, mbali, walikokuwa wanaume.

Sasa kosa lile lilikuwa la somo gani? La lugha? La jiografia? La mambo ya wake na waume? Lilikuwa la yote pamoja. Maalim Vuai alikuwa akisema darasani, "Jiografia itakuja ichukue mawe. Historia ichukue makaburi. Lugha ichukue maneno. Mtu mwenyewe atabaki mlangoni hana wa kumuuliza habari za asubuhi."

Katika wanafunzi wetu wa miaka ile, aliyekuwa mbele ya wote alikuwa msichana anayeitwa Zuhura. Alikaa Miembeni kwa shangazi yake. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa, kila herufi ya Kiarabu inatoka mahali pake, ungedhani amesomeshwa na kadhi. Kazi zake tulikuwa tukiwasomea wengine. Lakini somo lenyewe alilifanya kama mtu anayefua nguo za jirani. Akiulizwa jambo la Kusini hukunja uso akasema, "Mie kwetu mjini, Maalim, sijui," kisha akajibu sawasawa.

Siku moja tulipanga kuwapeleka wanafunzi Jambiani. Lori la chuo lilikuwa lishawashwa tulipoletewa habari kwamba mwenyeji wetu huko amefiwa. Maalim Vuai akasema tusiwasumbue wenye msiba, twende Mtende, kijiji kidogo kule mwisho kabisa, ana watu wake. Wanafunzi wakapiga vigelegele kwa kuwa safari imekuwa ndefu. Zuhura akasema anaumwa na kichwa, angependa kubaki. Maalim akampa nafasi ya mbele, karibu na dereva, apate upepo.

Mtende tuliwakuta wanawake pwani wakipiga makumbi. Kwa nyinyi msioyajua, makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Wanayazika kwenye mchanga wa pwani miezi mingi mpaka yaoze, kisha wanayafukua, wanayapiga kwa gongo zitoke nyuzi, na hizo nyuzi ndizo za kusokotea kamba. Makumbi yakifukuliwa yananuka, Mwenyezi Mungu atuhifadhi. Wanafunzi wote wakaziba pua kwa mitandio na mikono ya mashati. Mimi mwenyewe nilikuwa nahema kwa mdomo. Zuhura peke yake alisimama anavuta pumzi kama kawaida. Nikaliona, nikastaajabu, sikulifahamu.

Alikuwapo bibi mmoja amekaa juu ya mchanga, mwembamba, gongo mkononi. Jina lake Bi Kazija. Maalim Vuai alimwomba awaonyeshe vijana kazi, naye akakubali kwa kicheko. Alianza kueleza, macho yakipita kwa kila mwanafunzi mmoja mmoja kama mwalimu mzuri anavyofanya. Yalipofika kwa Zuhura yakasimama.

"Mize?" akasema.

Hakuna aliyeitika.

"Mize, mjukuu wangu, si weye huyu?"

Vijana wakageuka kumtazama Zuhura. Uso wake ulikuwa umekauka. Akasema kwa kile Kiswahili chake kizuri, "Umenifananisha, bibi. Mie kwetu Miembeni."

Bi Kazija alimtazama tena, taratibu, toka kichwani mpaka miguuni. Nilidhani atasema neno. Akashusha macho kwenye gongo lake.

"Basi nsamehe, mwanangu," akasema. "Macho haya siku hizi hayanambii kweli."

Akaendelea kupiga makumbi na kuwaeleza wengine, sauti ile ile, bila ya kutetereka. Mimi nilikuwa nishafungua mdomo. Maalim Vuai akanishika kiwiko kwa nguvu nisiyoijua kama anayo. "Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Mwache bibi afanye anavyofanya."

Tulipoaga, Bi Kazija alitugawia muhogo wa kuchemsha. Fungu la Zuhura alilifunga peke yake ndani ya jani la mgomba. "Lako hili," akamwambia. "Njia ndefu." Zuhura akapokea kwa mikono miwili.  

Wiki iliyofuata Zuhura hakuja darasani, na iliyofuata pia. Mimi na Maalim Vuai tulibishana. Yeye alisema tusimfuate, atakuja mwenyewe. Mimi nilisema mtu akizama hungoji aogelee. Mwisho nilikwenda Miembeni bila ya kumwambia Maalim. Shangazi yake alinikaribisha, akanitilia chai, akamwita. Zuhura alikaa mbele yangu, kichwa chini.

"Nlizaliwa Mtende, Maalim," akasema. "Mize ndo jina langu la nyumbani. Bibi ndo alonilea, mamangu alikufa nkiwa mdogo. Shangazi akanleta mjini nsome. Siku ya kwanza skuli nkaulizwa swali, nkajibu Kikae, sikuwa najua kingine. Darasa zima likacheka. Mwalimu akanambia niseme tena, wacheke vizuri. Nikasema tena."

 Shangazi yake alikuwa anafutafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Toka siku ile sijakisema. Na kwenda Mtende nkaacha, kila likizo nna sababu. Kisha bibi ananita mbele ya watu, nami namwambia kanifananisha. Sasa ntarudi vipi? Nkamwambie nini?"

 Nilikunywa chai yangu, nikamwambia kiti chake darasani kipo, nikaondoka.

Tulikuwa katika hali hiyo ndipo ikaja habari ya kamati. Wakubwa wa elimu walikuwa wakiyapitia masomo ya chuo, na somo letu lilitajwa kuwa la kufutwa. Hawakuwa watu wabaya, nataka mlielewe hilo. Nchi ilikuwa changa, walimu wachache, na kila chumba kilikuwa kinagombaniwa. Walisema watakuja kutusikiliza, sisi na wanafunzi wetu, kisha wataamua. Maalim Vuai alipiga kanzu yake pasi mwenyewe asubuhi hiyo, akaiunguza kwenye mkono, akaukunja mkono usionekane.

Kamati ilikaa kwenye viti vya wanafunzi. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Aliyetutia hofu alikuwa mkaguzi wa skuli anayeitwa Ndugu Othman, mtu wa maneno machache na macho makali.

"Maalim," akaanza Ndugu Othman, "nisaidie. Kuna Jiografia, kuna Historia, kuna Kiswahili. Nyinyi mnafanya kitu gani ambacho hao hawafanyi?"

Maalim Vuai akawapa ile habari ya pwani na bahari, na aliisimulia vizuri mpaka Mwenyekiti akajifuta machozi kwa kucheka. Ndugu Othman naye alitabasamu kidogo. Kisha akauliza la pili, na chumba kikapoa.

"Tumepindua ili tuwe watu wamoja. Nyinyi mnamchukua mtu wa Kusini mnamweka peke yake, mnasema huyu ana lugha yake, ana pwani yake. Huku si kuwatenga watu?"

Nyinyi hamkuwapo, kwa hivyo nakwambieni: neno lile kwa wakati ule halikuwa la mchezo. Nilimtazama Maalim Vuai, nikaona jasho linamshuka kwenye shavu.

"Ndugu," akasema polepole, "kumjua mtu si kumtenga. Mie nimetoka Makunduchi. Kabla ya somo hili hakuna aliyenitenga kwa kunijua. Nilitengwa kwa kutoulizwa kitu."

Ndugu Othman akaandika. Uso wake haukusema kama amekubali. Mwenyekiti akawageukia wanafunzi akauliza kama yupo mwenye la kusema. Walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na wote wakaona ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa. Ndipo nikasikia watu wanasogea nyuma. Zuhura alikuwa amekuja, sijui tangu saa ngapi, amesimama nje kwenye ngazi. Akapita katikati ya wenzake mpaka mbele.

Akaanza kusema Kikae.

Alisema kwa muda. Mwanzo sauti ilikuwa inakwama, maneno yanatoka kama milango iliyofungwa siku nyingi, kisha yakafunguka. Wanakamati wakatazamana. Mimi nilishika nusu. Maalim Vuai, ambaye ndiye peke yake aliyeelewa yote, alivua miwani akaiweka juu ya meza na hakuivaa tena.

Kisha Zuhura akasema kwa Kiswahili cha mjini:

"Wazee wangu, nlikuwa nnakwambieni hivi. Mie ni mtoto wa Mtende. Mwezi ulopita nlimkana bibi yangu mbele ya wenzangu. Hakuna alonifundisha kumkana, lakini katika vitabu vyote nlivosoma toka darasa la kwanza hayumo. Mna treni, mna theluji, mna mfalme wa nchi gani sijui. Mtu anayepiga makumbi hamna. Nkaona kama hayumo basi si mtu wa kutajwa. Somo hili ndo la kwanza nlimoiona kazi ya bibi yangu imeandikwa ubaoni, na mwalimu anasema andikeni, itakuja kwenye mtihani. Nlikasirika. Nlikuwa nshamficha vizuri, na Maalim anamtoa nje. Ndugu Mkaguzi kauliza kama somo hili linatenga watu. Mie nlikuwa nshatenganishwa na bibi yangu. Somo hili ndo linalonirudisha, na bado sijafika."

 Ndugu Othman aliweka kalamu chini.

"Huyo bibi yako yuko hai?"

"Yuko hai, Ndugu."

"Ushakwenda kumtaka radhi?"

"Bado. Nnaona haya."

"Basi usikae hapa kutetea somo," akasema Ndugu Othman, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "nenda. Somo lina wenyewe, watalitetea."

Mnataka kujua waliamuaje. Hawakulifuta, wala hawakutupa tulichokiomba. Walipunguza vipindi, wakabadilisha jina wakaliita Maarifa ya Mahali, wakasema liwafundishe wanafunzi namna ya kuisoma sehemu yoyote ya visiwa hivi, Kusini ikiwa ya mwanzo. Maalim Vuai alinung'unika wiki nzima juu ya jina, kisha akagundua kwamba sasa ana ruhusa ya kwenda kisiwa cha Tumbatu pia, akafurahi kama mtoto wa sikukuu. Ndugu Othman akawa kila mara anapita chumbani kwetu na kuuliza, "Mna jipya?" Alipozijua ngazi zetu alikuwa anapanda bila ya kushika ukuta. Na Maalim Vuai alipostaafu akarudi Makunduchi, aliyekaa kwenye kiti chake si mimi, ni Zuhura, na nilimsaidia yeye kama nilivyomsaidia mwenzake. Miaka hiyo majumba marefu ya Michenzani yalikuwa yanapanda, na watu wakituona na vifurushi vyetu wakadhani tunahamia huko, kumbe tunakwenda shamba kuuliza watu habari zao.

Lakini nimeruka. Jumamosi ile baada ya kamati, Zuhura alinijia nyumbani Jang'ombe asubuhi, amebeba kanga mpya, sukari na boflo tatu, ile mikate ya ngano. Akasema hawezi kwenda peke yake. Mke wangu akaniambia, "Vaa viatu." Tukapanda gari ya shamba. Njia nzima alikuwa anazibinya zile boflo mpaka zikawa bapa.

Tulimkuta Bi Kazija pale pale pwani, na kazi ile ile. Zuhura alimkaribia, akapiga magoti mchangani, akamwamkia. Bi Kazija akaitikia marahaba, gongo linakwenda.

"Bibi," Zuhura akasema, "nlikukana."

"Nlisikia. Sijawa kiziwi."

"Nsamehe."

Bi Kazija akaweka gongo chini. Akamfuta machozi kwa kiganja chake chenye maji ya makumbi, na Zuhura hakurudi nyuma.

"Siku ile nlikuona umezungukwa na watu," akamwambia, "nkasema mtoto huyu ana mzigo, si wakati wa kumwongezea. Nkanyamaza. Nkajua utakuja. Lakini umekonda! Huyo shangazi yako hakupi chakula?"

Kisha akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele uliofika mpaka nyumba za juu. Sikuelewa maneno yote, lakini jina la Mize lilikuwamo. Wanawake wakaanza kuja mbio, wengine na miiko mikononi, mmoja na mtoto amempakata. Walimkumbatia, wakamgeuza, wakamkagua, wakamuuliza mambo yote kwa pamoja, naye akawa anawajibu Kikae, anakosea, wanamcheka, na yeye anacheka zaidi yao. Mimi nilipewa dafu na kivuli, nikasahauliwa.

Alasiri gari ikapiga honi barabarani. Nilimtafuta Zuhura kwa macho. Alikuwa katikati ya wanawake, ameshika gongo, anafundishwa upya namna ya kulishika, na honi hakuisikia. Ikapiga tena. Nikapanda peke yangu.

Dereva akageuka. "Yule mwenzio mlokuja naye? Tumngoje?"

"Twende zetu," nikamwambia. "Yeye kashafika kwao."